Frankenstein: kitabu cha kutisha kilichoandikwa na mama wa kichanga

Uzi wa leo ni mrefu, kwa hiyo mlaze mtoto kwanza, mimina chai yako, ukae vizuri. Mliozoea mfululizo wetu wa historia ya uzazi mnajua utaratibu: nasimulia kwa namba, wewe unateremka taratibu. Mtoto akilia, shika namba uliyoishia, utarudi.

1.

Kliniki nakutana sana na swali hili: "Nesi, nina mimba, naruhusiwa kusoma hadithi za kutisha?" Kabla sijafungua mdomo, waliokaa kwenye benchi wameshajibu. Mmoja atasema acha kabisa, mtoto atatoka na sura ya hicho ulichokisoma. Mwingine atasema mbona mimi ndiyo zinanipa usingizi. Wa tatu, mara nyingi bibi aliyemsindikiza binti yake, atauliza: mtu mzima na akili zake anatafuta nini kwenye kujitisha, kwani maisha yenyewe hayatishi ya kutosha?

Swali la huyo bibi ndilo zuri kuliko yote. Leo nalijibu kupitia kitabu kimoja ambacho wasomaji wamekibishania tangu mwaka 1818 mpaka leo: Frankenstein. Wengi wetu tunalijua jina kwa sababu ya filamu, lile jitu lenye kichwa bapa na vyuma shingoni. Wachache wanajua kwamba aliyekianza kitabu hicho alikuwa binti wa miaka 18 mwenye mtoto wa miezi mitano, na kwamba mwaka uliotangulia alikuwa amezika kichanga chake cha kwanza.

2.

Jina lake Mary Shelley. Alizaliwa London tarehe 30 Agosti 1797. Mama yake, Mary Wollstonecraft, alikuwa mwandishi aliyejulikana kwa kitabu chake cha mwaka 1792 cha kutetea haki za wanawake. Baba yake, William Godwin, alikuwa mwandishi na mwanafalsafa.

Mama alijifungulia nyumbani, akiwa na mkunga mzoefu. Mtoto akatoka salama, lakini kondo la nyuma likagoma. Akaitwa daktari, akaingiza mkono, akalitoa vipande vipande. Hakuna ganzi, hakuna glovu, na madaktari wa wakati ule hawakuwa na desturi ya kunawa kwanza. Siku chache baadaye mzazi akaanza kutetemeka na homa ikapanda. Wakamkataza kunyonyesha, na maziwa yalipomjaa wakamletea watoto wa mbwa wayanyonye ili apate nafuu. Sitanii, mume wake mwenyewe aliliandika jambo hilo. Tarehe 10 Septemba akafariki. Mtoto Mary alikuwa na siku 11.

Sisi wa wodi ya wazazi tukisoma hapo tunaelewa: kondo limebaki, mkono umeingia, maambukizi. Na kinachouma ni kwamba miaka miwili kabla, 1795, daktari Alexander Gordon wa Aberdeen, Scotland, alikuwa ameshaandika kwamba homa ya wazazi hubebwa na madaktari na wakunga kutoka kwa mzazi mmoja kwenda kwa mwingine. Walimchukia kwa kusema hivyo. Mwaka 1847 Ignaz Semmelweis kule Vienna akawanawisha madaktari kwa maji yenye klorini, vifo vikashuka sana, naye pia akapingwa.

Mary akakua akijua kwamba siku aliyozaliwa ndiyo iliyomwondoa mama yake. Alipokuwa msichana alipenda kwenda kukaa makaburini, kwenye kaburi la mama yake, kusoma.

3.

Mwaka 1814, akiwa na miaka 16, akatoroka na mshairi Percy Shelley, ambaye alikuwa mume wa mtu. Februari 1815 akajifungua mtoto wa kike, njiti, kabla ya wakati wake kwa karibu miezi miwili. Mtoto akaishi kama wiki mbili hivi. Usiku mmoja Mary aliamka ili amnyonyeshe, akamwona ametulia, akafikiri amelala, akamwacha. Asubuhi ndipo wakajua. Jina la mtoto yule halikubaki popote.

Karibu wiki mbili baadaye Mary aliandika kwenye daftari lake ndoto aliyoota: kwamba mtoto hakufa, alikuwa amepata baridi tu, wakamsugua mbele ya moto akapata uhai. Akaamka, mtoto hayupo.

Shikilia ndoto hiyo, tutairudia.

Januari 1816 akapata mtoto wa kiume, William. Mwaka huo Ulaya haikuona kiangazi, kwa sababu mlima Tambora wa Indonesia ulikuwa umelipuka Aprili 1815 na vumbi lake likaziba jua sehemu kubwa ya dunia. Mary, Percy na mtoto walikuwa Uswisi, kando ya Ziwa Geneva, jirani na mshairi Byron. Mvua haikatiki, watu wamefungiwa ndani, wanasomeana hadithi za mizimu. Byron akasema: kila mtu atunge ya kwake. Ya Mary ndiyo ikawa Frankenstein.

4.

Kwa ambao hawajakisoma, kwa ufupi sana. Mwanafunzi aitwaye Victor Frankenstein anataka kugundua siri ya uhai. Anakusanya viungo vya maiti, anaunganisha mwili, na usiku mmoja wa Novemba kiumbe kinafungua jicho. Victor anaona ubaya wa sura yake, anakimbilia chumbani kwake. Kiumbe kinamfuata mpaka kitandani, kinajaribu kutamka kitu, kinatabasamu, kinanyoosha mkono. Victor anatoka mbio, hataki hata kukiangalia. Hakipi jina.

Hicho kiumbe hakijui moto unaunguza, hakijui njaa inaitwa njaa. Kinajifunza kuongea na kusoma kwa kuchungulia familia moja maskini kupitia tundu la ukuta. Kinajipeleka kwa mzee wa nyumba ile, ambaye haoni, na mzee anakipokea vizuri. Watoto wake wanarudi, wanaona sura, na kijana wake wa kiume anakipiga. Kinamwokoa msichana anayezama mtoni, kinapigwa risasi. Baada ya hapo ndipo kinaanza kulipiza, na wa kwanza kuuawa ni mdogo wake Victor, mtoto mdogo aitwaye William.

Ndiyo. Mary alimpa mtoto anayeuawa jina la mwanaye aliyekuwa akimnyonyesha. Lilikuwa pia jina la baba yake na la kaka yake wa baba mmoja, lakini hebu jaribu wewe kuandika jina la mwanao mahali kama hapo.

5.

Sasa ubishi. Kitabu kilitoka Januari 1818, nakala 500 tu, bila jina la mwandishi. Mbele kiliandikwa kwamba kimetolewa kama heshima kwa William Godwin, kwa hiyo wasomaji wakaanza kukisia nani kaandika.

John Wilson Croker, kwenye jarida la Quarterly Review, alikiponda vibaya. Kwake kilikuwa upuuzi wa kuchukiza usiomfundisha mtu tabia yoyote njema. Kwa lugha yetu: kitabu kinatisha, halafu?

Walter Scott, mwandishi mkubwa wa riwaya wakati huo, alikisifu kwenye jarida la Blackwood's. Aliona mwandishi ana kipaji cha kweli, na kwamba hadithi ya ajabu inaruhusiwa kama inatuonyesha binadamu wa kawaida anafanya nini akikutana na jambo lisilo la kawaida. Ila alidhani kaandika Percy.

Jarida la British Critic lilikuwa limesikia kwamba mwandishi ni mwanamke. Likasema hilo ndilo linazidisha kosa, kwa sababu kasahau upole wa jinsia yake, na likaishia hapo bila kuendelea kukijadili.

Wasomaji watatu, kitabu kimoja. Hakuna hata mmoja kati yao aliyejua kwamba mwandishi alizika mtoto. Croker alitafuta funzo, Scott akatafuta ufundi, wa tatu akatafuta adabu ya mwanamke. Kila mtu alikiingia kitabu na mfuko wake, akatoka na alichokwenda kukitafuta.

6.

Mwaka 1823 hadithi ikapelekwa jukwaani London, kwenye mchezo ulioitwa Presumption. Mary alikwenda kuutazama. Kwenye karatasi ya majina ya waigizaji, jina la kiumbe lilikuwa limeachwa wazi, pengo tupu, na jambo hilo lilimfurahisha. Ila katika mchezo ule kiumbe kilinyang'anywa kitu kikubwa: kilikuwa bubu. Kwenye kitabu kinaongea, tena kwa ufasaha, kinajitetea kurasa nyingi. Jukwaani kikabaki cha kuguna na kutisha.

Filamu ya Marekani ya mwaka 1931, aliyoigiza Boris Karloff, ikaenda mbali zaidi. Kiumbe kikawekewa ubongo wa mhalifu. Yaani kilizaliwa kibaya. Na yule msichana wa mtoni? Kwenye kitabu kinamwokoa asizame. Kwenye filamu kinacheza na mtoto wa kike kando ya ziwa, wanarusha maua yaelee, maua yakiisha kinamrusha mtoto, anazama. Sehemu hiyo ilikatwa katika maeneo mengi kwa jinsi ilivyowachefua watazamaji.

Ndiyo maana mpaka leo watu wawili wanaweza kubishana kuhusu Frankenstein kumbe kila mmoja anaongelea kitu chake. Aliyeona filamu anauliza: tufanye nini na aliyezaliwa mbaya? Aliyesoma kitabu anauliza: ni nani aliyemfanya akawa mbaya? Mama yeyote ambaye mwanaye ameitwa "mtoto mtukutu, amezaliwa hivyo hivyo" anajua maswali haya mawili yako mbali kiasi gani.

7.

Kwa muda mrefu wasomaji waliosomea fasihi walikichukulia kitabu hiki kama onyo kuhusu sayansi. Wana ushahidi. Mwaka 1803, pale pale London, Giovanni Aldini alipitisha umeme kwenye maiti ya mtu aliyenyongwa, taya likacheza na jicho moja likafunguka mbele ya watazamaji. Mary alikulia kwenye nyumba ambayo mambo kama hayo yalijadiliwa mezani.

Halafu katika miaka ya 1970 msomi wa Marekani, Ellen Moers, akaja na usomaji mwingine. Alisema hii ni hadithi ya kuzaa. Siyo ile ya kwenye kadi za pongezi: ni hofu, hatia na kukimbia vinavyoweza kumpata mzazi baada ya mtoto kutoka. Aliwakumbusha watu kwamba waandishi wanawake wengi maarufu wa Uingereza wa karne ile hawakuwa na watoto, na huyu alikuwa nao, na alikuwa amezika.

Wasomaji wengi wanawake walisema, ehee, hapo sasa. Wengine, na kati yao wanawake pia, wakapinga. Hoja yao ina uzito: mwanaume akiandika tunazungumzia akili yake, kwa nini mwanamke akiandika tunakimbilia tumbo lake la uzazi? Mary alisoma falsafa, historia na sayansi kuliko wanaume wengi wa umri wake. Usimpunguze akawa mjane wa mtoto tu.

Mimi siwezi kuwaambia hawa wakosee ili wale washinde. Kitabu kinawabeba wote.

8.

Kuna msomaji mmoja ambaye watu humsahau: Mary mwenyewe.

Baada ya 1818 maisha yake yalikwenda hivi. Septemba 1818, binti yake Clara, aliyekuwa na mwaka mmoja, aliugua katika safari ndefu ya joto nchini Italia, akafia Venice. Juni 1819 William, yule yule, akafa kwa homa mjini Roma, inaaminika ilikuwa malaria. Alikuwa na miaka mitatu. Novemba mwaka huo akazaliwa Percy Florence, ndiye pekee aliyekua mpaka utu uzima. Juni 1822 mimba ikaharibika na damu ikamtoka kiasi cha kukaribia kufa. Mume wake akamkalisha kwenye barafu kabla daktari hajafika, damu ikapungua. Wiki chache baadaye, Julai 8, mume huyo akazama baharini.

Mwaka 1831, akiwa na miaka 34, akatoa toleo jipya la kitabu chake. Wanaolinganisha matoleo haya mawili wanaona tofauti. Katika la kwanza Victor ana nafasi ya kuchagua: angeweza kubaki, angeweza kukilea alichokileta. Katika la pili mkono wa majaaliwa umekuwa mzito, mambo yanamjia Victor kama yaliyokwisha kuandikwa. Binti wa miaka 18 aliamini mtu angeweza kufanya vingine. Mama aliyezika watoto watatu hakuwa na uhakika tena, au labda hakuweza tena kuvumilia wazo kwamba ipo nafasi iliyopotezwa.

Na katika utangulizi wa toleo hilo alieleza mawazo ya kitabu yalikotoka: mvua, mashindano ya Byron, mazungumzo kuhusu umeme na uhai, picha iliyomjia usiku akiwa kitandani. Kile kichanga cha 1815 hakukitaja.

9.

Sasa turudi kwenye benchi la kliniki.

Kwa yule aliyesema mtoto atatoka na sura ya hadithi: hapana, mama. Sura ya mtoto inatoka kwenu wawili. Imani hiyo ilikuwepo hata Ulaya enzi za Mary, na haikuwa kweli huko pia. Lakini kama kitabu kinakuondolea usingizi, kiweke, hakuna mtihani. Hasa wiki za kwanza baada ya kujifungua, mwili umechoka na akili iko nyepesi. Na kama hofu inakuja yenyewe bila kitabu, siku zinapita hulali hata mtoto akilala, au unajiwa na mawazo ya kujidhuru au kumdhuru mtoto, usikae nayo kimya. Mwambie mtu wa karibu na uje kituo cha afya siku hiyo hiyo. Ni ugonjwa kama mwingine, na unatibika.

Kwa bibi aliyeuliza watu wanatafuta nini kwenye kutishwa, jibu langu ni hili. Mtoto anapotoka, dakika ile ya kwanza, mkunga anafanya nini? Anampokea. Anamkausha, anamsugua mgongo, anamweka kifuani kwa mama apate joto. Haya yote Victor hakuyafanya. Hofu ya kitabu kile haiko kwenye mishono na ngozi ya njano. Iko kwenye kiumbe kilichofungua macho kikanyoosha mkono, na hakuna aliyekipokea.

Sasa kumbuka ile ndoto: kichanga cha baridi, kinasuguliwa mbele ya moto, kinapata uhai. Sisi tunaofanya kazi hii tunaisoma tukijua mikono yake ilikuwa inafanya nini kwenye usingizi. Alikuwa anafanya kazi yetu, wiki mbili baada ya muda wake kupita. Sisemi kitabu kizima kimetoka hapo. Nasema mtu aliyeota hivyo alikuwa anajua uzito wa anachokiandika, hata kama Croker aliona upuuzi.

Wodini mama akipoteza mtoto, tunaozunguka kitanda huwa na haraka ya kufunga mazungumzo. "Usilie, bado mdogo, utapata mwingine." Tunasema kwa upendo, na kwa kuogopa pia. Mary alipata wengine. Hilo halikumfanya amsahau wa kwanza. Mahali pa kuliweka jambo lile palikuwa pachache, na hadithi ya kutisha inaruhusu kusema yale ambayo sebuleni mtu anaambiwa anyamaze. Wapo wanaoisoma kwa sababu hiyo hiyo, na wapo ambao hawaihitaji kabisa. Kwenye benchi moja wote wanaenea.

Kama una rafiki aliyepoteza mtoto, hata kama ni miaka mitano iliyopita, muulize jina la mtoto. Kama hakupewa jina, muulize alikuwa anafanana na nani. Halafu nyamaza, umsikilize.

Uzi unaofuata ni kuhusu dalili za hatari kwa mama siku 42 baada ya kujifungua: homa, damu nyingi, uchafu wenye harufu mbaya, kichwa kuuma sana, degedege. Mama yake Mary alianza kutetemeka siku chache tu baada ya kujifungua. Ukiona moja ya hizo kwako au kwa jirani yako, usisubiri uzi wangu, nenda hospitali.

Lala salama, mama.